Jinsi ya kuandaa tathmini ya hatari za moto kwenye jengo la biashara au la kupangisha: mwongozo kamili

Wenye majengo wengi hulipia tathmini ya moto wakaishia na karatasi isiyowasaidia. Mtathmini anafika, nusu ya vyumba vimefungwa, anayejua swichi kuu iko wapi hayupo, na rekodi za ving'ora hazionekani. Ripoti inatoka imejaa maneno "hapakuweza kukaguliwa", inafungiwa kwenye faili, na mwakani mtu mwingine anaandika yaleyale.

Mara nyingi tatizo halikuanzia kwa mtathmini. Kilichokosekana ni maandalizi kabla hajafika na ufuatiliaji baada ya kuondoka, na hizo ni kazi za mwenye jengo au msimamizi wake. Huko ndiko mwongozo huu unakokaa muda mrefu zaidi.

Tuelewane kwanza kuhusu kinachotafutwa. Kujaza upya mitungi ya kuzimia moto siyo tathmini, na cheti cha bima siyo tathmini. Tathmini ni kulipitia jengo zima ili kujibu maswali manne: moto unaweza kuanzia wapi, nani atadhurika, atatokaje, na nini kifanyike ili hayo yasitokee. Sheria hutofautiana kutoka nchi hadi nchi, kwa hiyo uliza ofisi ya zimamoto ya eneo lako kuhusu fomu na vibali vinavyotakiwa. Hatua zilizo hapa chini zinafaa popote.

## Vitu vya kukusanya kabla ya kumpigia mtu simu

- Ramani ya kila ghorofa. Kama huna, ichore kwa mkono: vyumba, korido, ngazi, milango ya kutokea, swichi kuu, mahali pa gesi.
- Orodha ya wapangaji, kila mmoja anafanya nini, saa ngapi, na watu wangapi huwa ndani kwa wakati mmoja.
- Mikataba ya upangaji, hasa kipengele cha matengenezo.
- Rekodi za ving'ora, taa za dharura, mitungi ya kuzimia moto na ukaguzi wa nyaya za umeme.
- Ripoti ya tathmini iliyopita, hata kama ni mbovu.
- Maelezo ya ukarabati wowote: ukuta uliobomolewa, dari iliyoongezwa, bomba au kebo zilizopitishwa ukutani.
- Funguo za kila mlango, zenye lebo. Kila mlango, pamoja na stoo, dari na chumba cha mita.
- Tochi, tepu ya kupimia, daftari, na simu yenye nafasi ya picha.

Rekodi zikikosekana usiziunde. Andika "hakuna" na uendelee. Rekodi ya kubuni inamfanya mtathmini aamini king'ora kinafanya kazi wakati hakuna aliyewahi kukijaribu.

## Hatua ya 1: Andika nani anawajibika kwa kipi

Katika jengo lenye wapangaji wengi, mpangaji kwa kawaida anashughulikia ndani ya duka au ofisi yake, na mwenye jengo anashughulikia korido, ngazi, paa na chumba cha umeme. Hayo watu wanayajua. Utata uko mpakani: mlango wa chumba unaofungukia koridoni ni wa nani? Waya uliopitishwa na mpangaji juu ya dari ya pamoja je? King'ora cha jengo kinacholia hadi ndani ya duka lake?

Kitu kisicho na mwenyewe hakitengenezwi. Chora jedwali la ukurasa mmoja lenye eneo, kifaa, na jina la mtu. Jina la mtu, siyo "uongozi". Pale mkataba uliponyamaza, kubalianeni sasa kwa maandishi.

Umemaliza hatua hii ukiweza kunyoosha kidole kwenye mlango wowote wa jengo na kutaja nani ataitwa ukiharibika.

## Hatua ya 2: Amua upana wa kazi

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Mwenye jengo anaomba "tathmini ya moto" tu, na mtathmini anakagua korido na kuondoka. Ametimiza aliloambiwa.

Uingereza, kwa majengo ya makazi yenye nyumba nyingi, wamezigawa tathmini katika aina 4, na mgawanyo huo unasaidia popote. Aina ya 1 ni maeneo ya pamoja kwa kutazama tu. Ya 2 ni maeneo yaleyale, lakini kwa kufungua baadhi ya dari na kuta. Ya 3 inaongeza ndani ya nyumba za wapangaji, kwa kutazama. Ya 4 inaingia ndani na kufungua.

Kwa nini mtu afungue dari? Kwa sababu moto na moshi hupita pale macho hayafiki. Fundi akitoboa ukuta kupitisha bomba na kuliacha tundu wazi, moshi wa chumba kimoja utajaza cha jirani huku mlango ukiwa umefungwa vizuri. Jengo lililokarabatiwa mara nyingi, au la zamani lililogawanywa kuwa vyumba vingi, linahitaji zaidi ya kutazamwa.

Andika kwenye barua ya kuomba kazi: maeneo yapi, vyumba vingapi vya wapangaji vitaingiwa, dari zitafunguliwa au la, na kuta za nje na paa zimo au hazimo.

## Hatua ya 3: Mpate mtathmini anayejua jengo la aina yako

Duka dogo la ghorofa moja, lenye milango miwili na wafanyakazi wachache, mwenyewe makini anaweza kulitathmini kwa fomu ya zimamoto. Watu wakilala ndani, jengo likiwa la ghorofa, au kukiwa na gesi nyingi, kemikali au jiko kubwa, tafuta mtaalamu.

Muulize haya kabla ya bei:

1. Umewahi kutathmini majengo ya aina hii? Nionyeshe ripoti moja iliyofichwa majina.
2. Umesomea wapi kazi hii, na una bima ya kazi yako?
3. Utakaa ndani ya jengo kwa muda gani?
4. Je, wewe au kampuni yako mnauza mitungi, ving'ora au milango?

Jibu la "ndiyo" kwenye swali la 4 halimwondoi, ila mapendekezo yake ya ununuzi uyapime mara mbili.

Tahadhari: anayekutajia bei bila kuuliza ukubwa wa jengo, idadi ya watu na matumizi yake, anauza karatasi. Mwaka 2012 moto uliteketeza kiwanda cha nguo cha Ali Enterprises mjini Karachi, Pakistani, na zaidi ya watu 250 wakafa. Madirisha yalikuwa na nondo na milango ya kutokea ilikuwa imefungwa. Wiki chache kabla, kiwanda hicho kilikuwa kimepewa cheti cha kimataifa cha mazingira bora ya kazi. Cheti kilikuwa ukutani, na milango ilikuwa na makufuli.

## Hatua ya 4: Waandae wapangaji

Panga tathmini siku na saa ambayo jengo linafanya kazi kama kawaida. Jengo tupu la siku ya mapumziko halionyeshi mabanda ya bidhaa yaliyojazana koridoni wala foleni ya watu ngazini. Kama watu hulala humo, omba sehemu ya ukaguzi ifanyike baada ya giza kuingia.

Peleka taarifa ya maandishi mapema, kisha wakumbushe siku moja kabla. Unaweza kuandika hivi:

*"Ndugu mpangaji, siku ya ___ kuanzia saa ___ mtathmini wa hatari za moto ataingia katika chumba chako kwa muda mfupi, akiwa na msimamizi wa jengo. Ataangalia milango, nyaya, jiko, madirisha na vitambua moshi. Hatafungua makabati wala mizigo yako. Kama hutakuwepo, tafadhali mteue mtu wa kufungua. Kama yupo mtu anayehitaji msaada kutembea, kusikia au kuona, tujulishe ili mpango wa kutoka umzingatie."*

Sentensi ya mwisho usiiache. Mzee wa ghorofa ya tatu asiyeweza kushuka ngazi peke yake haonekani kwenye ramani yoyote.

Wapangaji wakihisi wanaviziwa, watafunga milango. Waambie wazi lengo siyo kumtafuta nani hajalipa kodi, na usimamie neno hilo.

## Hatua ya 5: Zunguka mwenyewe kabla ya mtathmini

Anza kwenye chumba kilicho mbali zaidi na mlango wa nje, utembee hadi barabarani kana kwamba unakimbia moto. Usianzie getini kwenda ndani. Ukitoka ndani kwenda nje ndipo unapokutana na kufuli, pikipiki iliyoegeshwa chini ya ngazi, na mlango unaofungukia upande usiofaa.

Milango ya kutokea. Kila mmoja ufunguke kutoka ndani bila ufunguo, kwa mkono mmoja. Ukikuta mnyororo na kufuli, toa leo. Usimsubiri mtathmini aandike. Kama hofu ni wezi, ipo mitambo ya milango inayofunguka kwa kusukuma kutoka ndani na kubaki imefungwa kwa nje.

Madirisha yenye nondo. Kwa nyumba za kupangisha hili ni jambo zito. Chumba chenye mlango mmoja na dirisha la nondo kinakuwa mtego moto ukianzia sebuleni. Angalau dirisha moja la kila chumba cha kulala liwe na grili inayofunguka kwa ndani, na kila anayelala humo ajue kuifungua gizani.

Milango ya kuzuia moto. Kama jengo linayo ngazini au kwenye korido, simama mbele ya mlango mmoja na uutazame kwa makini. Ufungue hadi mwisho, kisha uuachie. Unapaswa kujifunga wenyewe hadi kitasa kiingie. Ukibaki nusu, mkono wa kujifungia umechoka. Tazama ukingo: kuna ukanda unaovimba ukipata joto ili kuziba upenyo, na mafundi wa rangi hupenda kuupaka hadi usionekane, au huung'oa. Upenyo kati ya mlango na fremu, juu na pembeni, uwe kama milimita 3. Kidole kikipita, moshi utapita. Halafu angalia sakafuni kama kuna kabari au tofali linalouzuia usijifunge. Mlango huo wa gharama yote ukikwamishwa na tofali, hakuna kilichobaki kati ya moto na ngazi.

Umeme. Fungua chumba cha swichi kuu. Mara nyingi kimegeuzwa stoo: maboksi, rangi, fagio, viti vibovu. Yote yatoke. Tafuta ekstensheni zilizounganishwa moja juu ya nyingine, soketi zenye weusi, na breka inayoruka mara kwa mara. Breka inayoruka inatoa onyo, na anayeibadilisha kwa kubwa zaidi bila kukagua waya anaunyamazisha ulinzi wenyewe. Fundi umeme mwenye leseni ndiye wa kuitwa hapa.

Betri za kuchaji. Baiskeli na pikipiki za umeme zisichajiwe kwenye korido wala ngazini. Betri ya lithiamu ikiharibika huwaka ghafla, hutoa moshi wenye sumu, na inaweza kuwaka tena baada ya kuzimwa. Ikiwa baiskeli hiyo imeegeshwa chini ya ngazi iliyo ya pekee kwenye jengo, walio juu hawana pa kupita.

Gesi. Mitungi isimame wima, mahali penye hewa, mbali na njia ya kutokea. Jaribu mpira kwa povu la sabuni. Mapovu yakitokea, funga na uite fundi. Kiberiti kisikaribie jaribio hilo kabisa.

Vitambua moshi. Bonyeza kitufe cha kila kimoja. Tazama pia tarehe nyuma yake, kwa sababu kitambua moshi hubadilishwa kikitimiza miaka 10 hata kama bado kinalia. Jikoni weka kinachotambua joto. Cha moshi kitalia kila siku kwa mvuke na mafuta, hadi mtu akitoe betri. Kwa nyumba za kulala usikubali hoja kwamba "tutasikia harufu". Aliyelala hawezi kutegemea harufu imwamshe, na moshi hulevya kabla ya kuamsha.

Mitungi ya kuzimia moto. Mshale uwe kwenye kijani na pini iwepo. Mtungi wa kabonidayoksaidi hauna geji, hupimwa kwa uzito, hivyo tegemea lebo ya fundi. Aina ilingane na mahali: maji hayafai kwenye umeme wala mafuta yanayochemka.

Usipange jengo lionekane zuri kwa siku moja. Ondoa hatari za wazi moja kwa moja, na zile ngumu ziache mtathmini azione zilivyo.

## Hatua ya 6: Siku yenyewe

Tembea naye mwanzo hadi mwisho, au mpe mtu anayelijua jengo na mwenye funguo zote. Mkabidhi lile faili, mwachie maswali yake, na jibu ukweli. Ukiulizwa mara ya mwisho zoezi la kutoka lilifanyika lini na halijawahi kufanyika, sema hivyo.

Mwombe mambo mawili ambayo hurukwa. La kwanza, king'ora kilizwe huku mmoja wenu yuko kwenye chumba cha mbali, mlango umefungwa. Kwa watu waliolala, kipimo kinachotumika sana ni desibeli 75 pale kichwa kinapolala. King'ora cha koridoni kinachosikika vizuri koridoni mara nyingi hakifiki hapo. La pili, umeme wa taa za kawaida za ngazini ukatwe kwenye breka yake, muone kama za dharura zinawaka na kama ngazi ya mwisho inaonekana.

Mtathmini mzuri anainama, anapanda, anagusa, anauliza wapangaji, na anatoka nje kutazama jengo kwa nyuma. Aliyepita haraka na kupiga picha za mitungi pekee, msimamishe mkiwa bado hapo, mrudie ile barua ya upana wa kazi.

Kabla hajaondoka, muulize: "Kuna kitu umeona ambacho hakiwezi kungoja ripoti?" Andika jibu na tarehe.

## Hatua ya 7: Isome ripoti kabla ya kulipa malipo ya mwisho

Ripoti inayofaa inazungumzia jengo lako. Ikitaja lifti na jengo halina lifti, imenakiliwa. Tafuta ndani yake vyanzo vya moto kwa kutaja vyumba, watu walio hatarini zaidi, hali ya njia za kutokea, ving'ora na taa, picha, na orodha ya kazi yenye kipaumbele na muda.

Nenda pia kwenye sehemu ya mipaka, yaani maeneo yaliyoachwa. Kila eneo lililoachwa liwe na sababu na tarehe ya kurudi. Ukikuta pendekezo kama "boresha usalama wa umeme", rudisha. Soketi ipi, ghorofa gani, kifanyike nini, na nani?

Mpe ripoti fundi wako. Akiweza kuanza kazi kesho bila kukupigia simu ya kuuliza, ripoti imekamilika.

## Hatua ya 8: Igeuze kuwa kazi

Hapa ndipo majengo mengi hurudi usingizini. Fungua jedwali lenye safu tano: tatizo, kazi, mhusika, tarehe ya mwisho, ushahidi. Kwa mfano:

- Mlango wa nyuma una kufuli / weka mtambo wa kusukuma / msimamizi / kufuli litoke leo, mtambo ndani ya wiki / picha.
- Tundu la bomba juu ya dari ya ghorofa ya pili / zibwe kwa vifaa vya kuzuia moto / fundi ujenzi / mwezi mmoja / picha kabla na baada.
- Hakuna king'ora vyumba vya juu / kifungwe / mwenye jengo / miezi miwili / hati ya majaribio.

Mfano wa tatu una shimo ndani yake: kwa miezi miwili watu watalala bila king'ora. Kila kazi inayochukua muda iwe na kinga ya mpito. Vitambua moshi vya betri vifungwe usiku huohuo, mlinzi apite kila ghorofa kwa saa zilizoandikwa, au chumba kisilaliwe hadi kazi iishe. Kama pesa hazitoshi kwa yote, anza na kinachowaamsha watu na kinachowatoa. Rangi, vibao na mapambo ya usalama vitasubiri.

Kazi isifutwe kwenye orodha kwa neno la mdomo. Nenda uone.

## Hatua ya 9: Wafundishe wanaotumia jengo

Muulize mtathmini swali hili na ulipate jibu kwa maandishi: moto ukianza, wote watoke mara moja, au wa mbali wabaki ndani? Kubaki ndani kunafaa tu pale kuta, milango na sehemu za nje za jengo zinaweza kweli kuuzuia moto mahali ulipoanzia. Katika jengo la Grenfell Tower mjini London, Juni 2017, simu ya kwanza ya kuomba msaada ilipigwa kabla ya saa 7 usiku. Moto ulipanda kwenye vifuniko vya ukuta wa nje vilivyokuwa vinaungua, lakini agizo la kubaki ndani halikufutwa hadi saa 8:47. Watu 72 walikufa. Kama una shaka na ukuta, dari au vifuniko vya nje, ilete shaka hiyo mezani kabla ya kuchagua mpango.

Ukishapatikana, ubandike kila ghorofa kwa lugha ambayo wapangaji wanaisoma, pamoja na mahali pa kukusanyika na namba ya zimamoto. Fanyeni zoezi, mkifunga njia moja kama kwamba ina moto. Watu hukimbilia mlango waliouingilia, hata kama kuna mwingine karibu zaidi. Zoezi likiisha na kila mtu amehesabiwa, na yule anayehitaji msaada ameshushwa na watu waliopangwa kwa majina, mpango unafanya kazi.

## Lini urudie

Pitia tathmini angalau mara moja kwa mwaka, au mapema zaidi kama sheria ya kwenu inadai. Usingoje mwaka uishe kama kumetokea moto hata mdogo, ukuta umebomolewa, vyumba vimegawanywa, idadi ya watu imepanda, au mpangaji amebadilisha biashara.

Hilo la mwisho hupita bila kuonekana. Chumba kilichokuwa duka la vitabu kinakuwa mgahawa, na mkataba unabadilishwa jina tu. Kwa hiyo weka kipengele kwenye kila mkataba mpya: matumizi yakibadilika, mpangaji atoe taarifa kwa maandishi, na mtathmini akipitie chumba kabla ya funguo mpya kukabidhiwa.